Sheli ya Bure: Mjue Mwenye Nyumba Kabla Hujapanga Chumba

MSOMAJI wangu, nikikwambia wiki hii tuzungumzie sheli ya bure, najua akili yako imeshafika kwenye pampu ya petroli. Pole mshikaji, mafuta ya bure Bongo bado, na siku yakipatikana mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni na dumu langu, ingawa hata baiskeli sina. Sheli ninayoisema haina pampu. Ni ile ya kwenye kompyuta: dirisha jeusi, maandishi meupe, unaandika neno, kompyuta inatii. Umeshaiona kwenye sinema, jamaa anachapa harakaharaka mara mlango wa benki unafunguka. Benki haifunguki, tusidanganyane. Kinachoweza kufunguka ni riziki, ndiyo maana nimeona hili tusiwaachie wenye laptopu peke yao.

Aliyenichokoza ni dogo mmoja fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Kidato cha nne amemaliza kama mimi, meza yake ina upana wa sinia, na siku nzima anafungua simu za watu. Siku hiyo alikuwa anabadilisha kioo, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Dada, hawa jamaa wanaoshughulika na seva wanasomea wapi? Nimeambiwa nijifunze Linux, lakini kompyuta sina. Nina simu hii na bando la buku."

"Inawezekana, mdogo wangu," nikamwambia. "Ila usiingie ya kwanza utakayoiona."

"Kwani ziko ngapi?"

Ziko nyingi, na hapo ndipo penye kazi. Haya, msomaji, vuta kiti.

KIJANA WA STOO

Aliyewahi kununua mzigo Kariakoo atanielewa upesi. Duka ni dogo, limepangwa sampuli tu. Mzigo wenyewe uko stoo, ghorofa ya tatu mtaa wa pili. Mwenye duka hapandi ngazi. Anapiga simu: "Leta katoni mbili za bluu." Kijana wa stoo anasikia, anakwenda, analeta. Mteja analipa na kuondoka bila kuiona stoo.

Sasa, simu yako ndiyo duka. Stoo ni kompyuta kubwa iliyoko mbali, tunaiita seva, labda Marekani, labda Ujerumani. Sheli ndiye kijana wa stoo: anasikia neno lako na kulitekeleza. Njia ya kuzungumza naye inaitwa SSH, na maneno yote hufungwa kwa siri, anayedokoa njiani anaambulia kelele tu.

Kijana huyu hapendi maneno mengi. Ukiandika ls, anakuonyesha vilivyomo. Ukiandika pwd, anakwambia uko wapi. cd ni kuhamia folda nyingine, cp ni kunakili, mkdir ni kutengeneza folda mpya. Na rm ni kufuta, hapo uwe makini, kwa kawaida ukisema futa anafuta, hakuna jalala la kwenda kuokota.

Lugha hii imeanza zamani. Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa akina Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, wakati huo ana miaka 21, akatoa Linux, inayofanana na Unix na ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha. Leo seva nyingi duniani zinaendeshwa na Linux, na hata hiyo simu yako ya Android, ukiifungua mpaka ndani kabisa, kiini chake ni Linux. Dogo wa Aggrey anaifungua kila siku kwa bisibisi. Kilichobaki ni kuifungua kwa maneno.

Na hapa kwetu si mambo ya wageni tu. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi wa Kilinux, na Desemba 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia mahesabu iliyozungumza Kiswahili. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vingine vimeundwa hapo juu mlimani.

BANDO LA BUKU LINATOSHA

Uzuri wa sheli ni kwamba inakula maandishi matupu. Hakuna picha wala video. Herufi moja unayobonyeza, hata ukihesabu na vifungashio vyake vyote kwenda na kurudi, ni kitu kidogo.  Majibu ya seva yataongeza kidogo, lakini bado ni kitu cha mtu wa kawaida. Video za mbwembwe ndizo zinazomeza bando kabla hujacheka.

Kwa hiyo aliyekwambia Linux ni ya mwenye laptopu amekupunja. Unahitaji simu, programu ya kuingilia, na ukiweza, kibodi ya waya na kile kiunganishi kidogo cha OTG, vyote viko hapo hapo Kariakoo. Kuchapa kwa kidole gumba unaweza, ila mkono utalalamika.

NYUMBA YA KUPANGA

Tuje kwenye kuchagua. Unix iliumbwa ili watu wengi watumie kompyuta moja bila kugombana. Kwa hiyo akaunti ya sheli ni kama chumba kwenye ile nyumba yetu ya Kiswahili: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, uani pa wote. Kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake. Mwenye nyumba ana funguo zote, na huko jina lake ni root.

Vijana wengi wakitafuta akaunti ya bure wanauliza swali moja tu: chumba kina ukubwa gani? Gigabaiti ngapi? Mimi nasema hilo ndilo swali la mwisho. Mazoezi ya mwezi mzima, mafaili yote ya maandishi, yanaweza kuwa madogo kuliko wimbo mmoja. Uliza haya kwanza.

Swali la kwanza: wanataka kadi ya benki? Kampuni kadhaa kubwa zinatangaza seva ya bure, lakini mlangoni wanadai kadi, na ukipitiliza kiwango cha bure bili inakuja. Kama kadi huna, au unayo lakini hutaki presha, pita hivi.

Swali la pili: mwenye nyumba ni nani na nyumba ina umri gani? Nyumba za bure nyingi huendeshwa na watu wa kujitolea, na nyingine hufa kimyakimya. Angalia kama kuna sheria zilizoandikwa, kama kuna tangazo la karibuni, kama kuna mahali pa kumuuliza msimamizi. Nyumba isiyo na sheria usidhani ni ya uhuru. Mara nyingi ni nyumba isiyo na mwenyewe.

Swali la tatu: ndani kuna mfumo gani? Linux na NetBSD ni ndugu, amri za kila siku zinafanana, lakini kuna vitu vinatofautiana, hasa namna ya kuongeza programu. Kama lengo lako ni kazi za seva mjini, anza na Linux. Kama unataka kujua Unix inavyofikiri, NetBSD ni mwalimu mzuri.

Swali la nne: unaruhusiwa kufanya nini? Unaweza kuandika programu na kuziendesha? Unapewa nafasi ya ukurasa wako wa tovuti? Unaweza kutoka kwenda seva nyingine?

Swali la tano, na kwangu hili ndilo kubwa: kuna majirani? Nitakwambia sababu mbele kidogo.

NYUMBA ZENYEWE

Ya kwanza inaitwa SDF. Hii ni bibi wa mjini. Ilianza mwaka 1987 huko Texas, Marekani, kwenye kompyuta ndogo ya Apple IIe, kama kijiwe cha mashabiki wa katuni za Kijapani waliokuwa wakipigiana kwa laini ya simu. Hata jina limetoka kwenye katuni ya Macross. Leo inatumia NetBSD na ina watu wa kila aina. Chumba cha bure kipo na hawaulizi kadi ili uingie: unaandika ssh new@sdf.org na unafuata maelekezo. Ila cha bure kina mipaka. Mpaka utoe mchango mdogo wa kuthibitisha kwamba wewe ni mtu na si mvurugaji, milango kadhaa inabaki imefungwa. Ukiwa na dola 36, unalipa mara moja na kuwa mwanachama wa maisha, wenyewe wanauita uanachama wa ARPA. Kwa dogo mwenye bando la buku hiyo dola 36 ni ndoto, lakini kwa kujifunza amri za msingi, mahali pa kuanzia anapo bila kulipa.

Ya pili si nyumba moja, ni mtaa mzima, unaitwa tildeverse. Tilde ni kile kialama cha wimbi ambacho kwenye Unix maana yake ni nyumbani kwako. Mwaka 2014 mwandishi mmoja wa New York, Paul Ford, alikodi seva moja ya Linux akaipa jina tilde.club na kuwakaribisha watu. Maombi yakafurika mpaka ikabidi foleni. Wengine wakaona kumbe inawezekana, wakafungua zao: tilde.town, tilde.team na nyinginezo. Mtindo wao unakaribiana: unajaza fomu, unaeleza wewe ni nani na kwa nini unataka kuingia, halafu unasubiri mtu aisome. Kadi hakuna. Nyingi ni Linux. Unapata folda, ukurasa wa tovuti na kijiwe cha kupiga soga.

Hapo watakuomba ufunguo wa wazi, usiogope. Amri ya ssh-keygen inakutengenezea vitu viwili: mmoja ni kama kufuli, mwingine ni ufunguo wa kufuli hilo. Kufuli unampa mwenye nyumba alifunge kwenye mlango wako. Ufunguo unabaki kwenye simu yako na haupewi mtu, hata akikuita mpenzi.

Ya tatu ni ya kampuni: Cloud Shell ya Google. Ukiwa na akaunti ya Google unaifungua kwenye kivinjari, na unapata Linux yenye nafasi ya GB 5 na kikomo cha saa 50 kwa wiki. Humo unaruhusiwa kuvaa koti la mwenye nyumba kwa amri ya sudo na kusimika programu, jambo ambalo SDF na tilde hawakuruhusu. Lakini hii ni gesti. Ukiondoka chumba kinafagiwa, kinachobaki ni begi lako tu, yaani folda yako ya nyumbani. Na usipoonekana siku 120, na begi nalo linatupwa. Jambo jingine, gesti haina majirani. Upo peke yako na feni.

Ya nne haiko mbali kabisa, ipo mfukoni. Termux ni programu ya bure ya Android inayokupa sheli ndani ya simu yako mwenyewe, na ndiyo hiyo hiyo utakayoitumia kuingilia nyumba nyingine. Amri zile zile, ls, cd na cp, unazifanyia mazoezi bila hata bando.

KWA NINI MAJIRANI

Sasa utaniuliza, kama Termux ninayo mfukoni, nihangaike na chumba cha mbali cha nini?

Kwa sababu kazi ya seva ni kazi ya kuishi na watu. Ukiwa peke yako kwenye simu, ukiandika who kuuliza nani yumo ndani, hakuna cha maana cha kuona. Kwenye nyumba ya kupanga, who inakuonyesha wenzako walioingia. Ukiandika ls -l kwenye folda yako, unaona nani anaruhusiwa kusoma faili lako na nani haruhusiwi, na ghafla amri ya chmod, ambayo kitabuni ilikuwa namba tupu, inakuwa mlango wa kweli wa kufunga, maana kuna mtu wa kweli koridoni. Ukiendesha programu inayokula nguvu ya kompyuta, wenzako wanaisikia, na mwenye nyumba atakugongea. Huko ndiko kujifunza. Mwajiri akikupa seva ya duka lake au hospitali yake, hakupi chumba cha peke yako, anakukabidhi nyumba nzima na wapangaji wake. Asiyewahi kuwa mpangaji ataijuaje shida ya mpangaji?

Halafu majirani wanafundisha. Kwenye kijiwe cha SDF au cha tilde ukiuliza kwa adabu, umeeleza ulichoandika na jibu ulilopata, kuna mtu atakuelekeza. Mara nyingi Kiingereza kitahitajika, lakini cha kuombea maji kinatosha.

TAHADHARI ZA MJINI

Kwanza, mwenye nyumba ana funguo zote. Anaweza kusoma ulichoweka. Kwa hiyo namba ya siri ya pesa za kwenye simu, picha za faragha na neno la siri la baruapepe visikae huko. Neno la siri la sheli liwe lake peke yake.

Pili, ukiingia mara ya kwanza utaulizwa kama unaitambua alama ya seva, mstari mrefu wa herufi na namba. Usibonyeze yes kama mtu anayefukuzwa. Tafuta kwenye tovuti ya nyumba hiyo kama wameitangaza alama yao, linganisha, ndipo uingie.

Tatu, sheria. Kwetu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama seva unayotumia iko Marekani na wewe umekaa Kisutu unakunywa kahawa. Huko kwenye nyumba nako ukichungulia milango ya watu, au ukiendesha mashine za kuchimba sarafu za mtandaoni, wanakutoa siku hiyo hiyo. Fomu zote zile zimewekwa kwa sababu ya watu wa namna hiyo.

Nne, mtandao hukatika. Ukiwa kwenye pantoni unavuka kutoka Kivukoni kwenda Kigamboni, mawasiliano yakiyumba, kazi uliyokuwa unafanya inaweza kupotea. Dawa ni programu inayoitwa tmux: inaiacha kazi yako hai kule kwenye seva, ukirudi unaikuta ilipo. Ila kuna kukatika kwingine hakuna tmux. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, intaneti ikawa taabu nchini. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, mwenye vitu vyake vyote ng'ambo anabaki mikono mitupu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kila wiki tumia scp, iteremshe kazi yako kwenye simu.

MIMI NAFANYAJE?

Ratiba niliyompa dogo ndiyo ninayokupa na wewe. Wiki mbili za kwanza kaa na Termux, ujue kutembea kwenye mafolda, kunakili, kufuta, na kuandika faili kwa nano. Zoezi zuri ni kuandika orodha ya bei za vioo vya simu, kisha uwe unatafuta bei kwa amri ya grep. Wiki ya tatu fungua chumba SDF, uzoee kuingia mbali na ujifunze kungojea ile robo sekunde au zaidi ambayo neno lako linatumia kuvuka bahari na kurudi. Wakati huo huo peleka maombi kwenye nyumba moja ya tilde. Kwenye fomu andika ukweli, sema wewe ni fundi wa Kariakoo unataka kujifunza. Anayesoma fomu zile ni mtu, na ukweli unasomeka. Siku ukitaka kuvaa koti la mwenye nyumba, chukua gesti ya Google kwa saa mbili, simika, vunja, simika tena. Huko ukiharibu haumii mtu.

Baada ya miezi mitatu usiniambie una cheti, cheti huna. Lakini ukiwekwa mbele ya lile dirisha jeusi hutatoa jasho, na kuna waliolipa ada wakatoka na cheti wakiwa bado wanatoa jasho.

Kwa leo kalamu naiweka chini. Wiki ijayo panapo majaliwa narudi kwenye mambo yetu yale, nina barua ya dada mmoja anayelalamika mchumba wake anamkopa hela kila mwisho wa mwezi. Kamsheli kadogo nako mkajaribu. Alamsiki.